Singe Inamwelekea Nani? Hadithi za Vita, za Wakubwa na za Watoto

Mwaka jana nilikuwa nakatiza Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, na mpwa wangu wa miaka 9, tukitoka kununua viatu vya shule. Tulipofika kwenye sanamu ya askari akasimama ghafla, wapita njia wakawa wanatukwepa huku wakisonya. Aliitazama bunduki, akaifuata kwa macho mpaka kwenye singe, akaendelea kufuata hewani, upande wa bandari.

"Mjomba, anamchoma nani?"

"Adui."

Akatazama tena kule. "Mbona hayupo?"

Nikamvuta mkono tuwahi daladala.

Majibu ya kitabuni ninayo. Sanamu ile ilizinduliwa 1927. Kabla yake mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeivunja vita ya Abushiri, na Waingereza walipoingia 1916 wakaiondoa. Maneno yaliyochongwa chini yaliandikwa na Rudyard Kipling, nayo yanawakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi "waliokuwa miguu na mikono ya jeshi". Yote hayo ningeweza kumweleza. Lakini hakuuliza hayo. Aliuliza juu ya mtu asiyeonekana, na nadhani hilo ndilo swali ambalo hadithi ya kubuni juu ya vita huandikwa kulishughulikia. Mnara humwonyesha anayechoma. Somo la historia hutaja tarehe na majemadari. Riwaya inamtafuta yule aliye kwenye ncha ya singe, inampa jina, mama, na deni aliloliacha dukani.

Kwetu sisi kumtafuta mtu huyo kuna uchungu wake, maana mara nyingi alikuwa wa kwetu. Vita ya 1914 hadi 1918 katika Tanganyika ilipiganwa na askari weusi wa Mjerumani dhidi ya askari weusi wa Mwingereza, wale wa Keya (King's African Rifles), huku maelfu kwa maelfu ya wapagazi wakiwabebea pande zote mbili risasi na unga. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo ni lao: ni Carrier Corps iliyolainishwa na midomo yetu. Kila Jumamosi tunashuka pale kununua nyanya na vitenge juu ya jina la kikosi kilichozikwa njiani bila makaburi, na sijapata kumsikia mtu mzima akimweleza mtoto jambo hilo wakati anapatana bei.

Ninavyoona, tumegawa vibaya. Watoto tumewapa ushindi, magwaride na mazimwi. Watu wazima tumewaachia kimya, na kimya hicho tumekiita heshima.

Si kwamba Kiswahili kina uhaba wa vita. Moja ya tungo ndefu za kale tulizonazo, Utenzi wa Tambuka wa 1728, uliotungwa Pate, ni vita mwanzo mpaka mwisho. Hemedi al-Buhriy wa Tanga alitunga juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitwaa pwani ya Mrima, na yeye anastahili kusomwa kwa makini zaidi ya tunavyomsoma, kwa kuwa aliandika kutoka upande ulioshindwa. Shaaban Robert alitumia beti 3,000 kuisimulia vita ya Hitler katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Nazipenda tenzi hizi zikisomwa kwa sauti na mtu anayejua mahadhi. Ila utenzi unapenda kuona kutoka juu, alipo jemadari na farasi wake. Mpagazi mwenye kidonda mguuni haingii kirahisi katika mizani nane.

Kazi iliyonifunza kusoma vita kama mtu mzima ni tamthilia, na niliisoma vibaya mara ya kwanza. Ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Shuleni tulifundishwa kwamba dhamira yake ni umoja. Swali likaja, nikajibu umoja, nikapata alama zangu. Nilirudi kuisoma nikiwa na umri wa kunyoa mvi na umoja ule nikauona umekaa pembeni tu.

Mwandishi mwenyewe anaonya katika dibaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kubuni, asichanganywe na yule wa historia. Onyo hilo si la mapambo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni kabisa mwa Agosti 1905, wiki chache tangu watu wa Matumbi wang'oe pamba. Vita hivyo, vya Maji Maji, vikaendelea bila yeye hadi 1907. Katika tamthilia anaishi mpaka kushindwa, akafungwa, akakaa chumba kimoja na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji. Kwa nini mwandishi amrefushie maisha mtu aliyekwisha kunyongwa? Nadhani alimhitaji hai ili aulizwe. Watu wamekwenda na maji mbele ya bombomu, bunduki za rashasha, wamelala chini kama mtama uliovunwa, na sasa mwenzake anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, apunguziwe mateso. Anakataa. Neno lake limekwishazaliwa, na akilikana, Wajerumani watalikana kwa kinywa chake mbele ya watoto watakaokuja.

Ukiwa na miaka 16 unamwona shujaa. Ukiwa na miaka 40 na zaidi, ukiwa umewahi kuwaambia watu jambo wakalifuata likawaumiza, unamwona mtu aliyebanwa na maneno yake mwenyewe, na hujui umlaumu au umwonee huruma. Waliokufa katika Maji Maji wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, na waliochoma walikuwa zaidi askari weusi chini ya maofisa wa Kijerumani. Tamthilia haiwezi kuzirudisha takwimu hizo kuwa watu. Inachofanya ni kumnyima msomaji mahali pa kunawia mikono. Hicho ndicho ninachotaka hadithi ya vita inifanyie mimi mtu mzima, na inayoniacha nimetulia, nikijua wazi wabaya ni akina nani, naihesabu kuwa imenidanganya.

Abdulrazak Gurnah anafanya hivyo kwa ukurasa mmoja. Paradise, riwaya yake ya 1994, ilisubiri miaka 28 kusomeka kwa Kiswahili, hadi Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi. Yusuf ana miaka 12 anapotolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni. Kitabu karibu kizima ni biashara, safari ya bara, bustani. Vita vinafika mwishoni kabisa: Wajerumani na askari wao wanapita wakikamata watu wa kuwabebea mizigo, Yusuf anajificha. Wakishaondoka anatoka, anaona mbwa wakila mavi waliyoyaacha pale walipopiga kambi. Halafu anakimbia. Anakimbia kuwafuata.

Mara ya kwanza nilikasirika, nikadhani mwandishi amechoka. Sasa naamini ni mwisho wa kweli kuliko wowote niliousoma juu ya kwa nini vijana waliingia jeshini. Hakuna bendera. Kuna kijana aliyefungiwa milango yote, na safu ya wanaume inaondoka. Katika Afterlives ya 2020 Gurnah aliwafuata watu wa aina hiyo mpaka ng'ambo ya vita, na sehemu kubwa ya kitabu ni miaka iliyofuata: mguu usiopona, kutafuta kazi kwa seremala, ndoa, mtoto. Ukikisoma utamkumbuka Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia vita ile ya Mjerumani akiwa mtoto pamoja na baba yake, akahamia Berlin, akafia katika kambi ya Sachsenhausen 1944. Berlin kuna kijiwe kidogo cha shaba chenye jina lake, kwenye njia ya miguu. Mitaa ya kwao sijui kama kuna anayemtaja.

Hapa kuna kosa moja la wachapishaji na la sisi wazazi. Hadithi inayosimuliwa na mtoto huwekwa kwenye rafu ya watoto, kana kwamba umri wa msimulizi ni umri wa msomaji. Ahmadou Kourouma, katika Allah n'est pas obligé ya 2000, alimpa usimulizi Birahima, mtoto askari anayetembea na kamusi nne na matusi yasiyo na idadi. Gaël Faye, katika Petit Pays ya 2016, alimweka Gabriel kwenye kichochoro cha Bujumbura, yeye na wenzake wakiiba maembe ya jirani, halafu vita vya Burundi na mauaji ya Rwanda vikaingia kichochoroni humo. Mwisho wake mtoto yule anasukumizwa kufanya kitendo ambacho sitakiandika hapa. Mwandishi hamlindi Gabriel. Hakumwandikia mtoto wa miaka 10. Anamtumia mtoto kumvua nguo mtu mzima, na hiyo ni kazi halali, ila mzazi asijichanganye.

Vijana ni habari nyingine. Vitabu hivyo viwili, kwa kupishana miaka 16, vyote vilipewa Ufaransa ile tuzo ya Goncourt inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari. Watu wazima hawakuwashika mkono. Waliachiwa wasome, wabishane, wapige kura, na wakachagua vita bila sukari.

Vijana wetu tumewapa vita kwa njia ya mtihani. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitahiniwa Kenya katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Inaanza na Ridhaa amesimama kwenye majivu ya nyumba yake, mkewe na wanawe wameteketea humo baada ya uchaguzi, na mkono wa jirani, Mzee Kedi, umo katika moto huo. Jirani! Siyo jeshi la mbali. Kwa Mkenya aliyekuwa na akili timamu Januari 2008 hiyo siyo fasihi tu. Sasa chukua mwanafunzi wa Eldoret au Naivasha, umwambie: "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4." Anajifunza kuhesabu tashbihi ndani ya nyumba iliyoungua. Sisemi kitabu kisitahiniwe, bila mtihani kingesomwa na wachache mno. Nasema nimekutana na vijana walioimaliza riwaya ile kupitia mwongozo, wanaijua dhamira ya ukabila kwa vipengele vitano, na hawakumbuki majivu.

Tushuke kwa wadogo, wa miaka 7 mpaka 12, ambako rafu ni tupu.

Hatukuwa hivi. Edward Steere alipokusanya ngano Unguja na kuzichapisha 1870, mojawapo ilikuwa ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alianza kula mifugo. Watu wakamwambia sultani, naye akasema paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akaendelea kula, jibu likawa lilelile. Akala watoto wa watu, hakuguswa. Alipowala wana wa sultani mwenyewe, hapo ndipo akawa nunda mla watu, yuko mwituni, hakamatiki. Mtoto wa mwisho akaenda kumtafuta. Anaua mnyama, anamleta nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda, na kila mara mama anamwimbia: mwanangu, siye huyo. Kila anayemleta ni mkubwa kuliko wa jana, na bado siye.

Hii ni hadithi ya kitandani. Ndani yake kuna mauaji, kuna mtawala anayelea jinamizi kwa kiburi cha umiliki, kuna raia waliosema mapema wakapuuzwa, na kuna mama anayemzuia mwanawe asishangilie ushindi wa uongo. Bibi zetu waliwapa watoto haya yote gizani, kwa "paukwa" na "pakawa", wakalala. Baadaye tukaja sisi wasomi tukaamua mtoto apewe sungura mjanja tu.

Halafu angalia tulivyoitumia lugha ya ngano vita halisi vilipokuja. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alihutubia taifa kwa maneno ambayo mpaka leo mtu hawezi kusema "uwezo" bila mwingine kudakia "sababu" na "nia". Adui akaitwa nduli. Lilikuwa neno kali na lilifanya kazi yake, nami sina machozi ya kumlilia Amin. Lakini kwa mtoto wa 1978 nduli alikaa rafu moja na zimwi, na jeshi la zimwi halina watu. Askari wa Uganda aliyekufa Lukaya, aliyekuwa na watoto wake huko Arua, hakuingia kwenye wimbo wowote tulioimba mchakamchaka. Mpwa wangu aliyeuliza "mbona hayupo?" aliuliza kwa niaba ya kizazi changu pia.

Wazazi wenzangu hunijibu kwamba mtoto ataota usiku, na dunia itamfunza muda wake ukifika. Hoja hii siibezi. Nimeshamwona mtoto akishindwa kula kwa picha moja ya taarifa ya habari. Ila kukaa kimya hakumwepushi na vita, vinamfikia kwenye simu ya dada wa kazi, bila msimulizi na bila mwisho. Na wapo watoto ambao dunia haikungoja muda wao ufike. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imepokea wakimbizi tangu 1996, wamo watoto wanaoongea Kiswahili cha Uvira na Fizi, kule Kongo, waliozaliwa na kukulia kambini. Kwao kitabu cha vita hakileti habari mpya. Kwao huenda kinachotakiwa ni hadithi ya mtoto aliyepotezana na mama njiani na namna walivyotafutana, wakati mtoto wa Mikocheni, hapa Dar es Salaam, akiisoma hiyohiyo, atagundua kwa mara ya kwanza kwamba njia huwapoteza watu.

Namna ya kuandika ipo, na haitaki damu. Judith Kerr alizaliwa Berlin 1923, familia yake ikaikimbia Ujerumani 1933. Miaka mingi baadaye, mwanawe alitazama ile filamu ya The Sound of Music akaridhika kwamba sasa anajua utoto wa mama yake ulivyokuwa. Mama akaona aandike. Katika When Hitler Stole Pink Rabbit, ya 1971, msichana Anna anaambiwa achague mwanasesere mmoja wa kuondoka naye. Anachukua mbwa mpya, anamwacha sungura wa waridi aliyechakaa, akidhani watarudi. Kitabu chote hakina risasi. Kina sungura mmoja aliyechaguliwa vibaya, na mtoto anayesoma anaelewa kunyang'anywa nchi kwa kipimo cha mikono yake mwenyewe. Kina pia baba na mama waliopo. Hilo kwangu ndilo linaloitenga rafu ya watoto na yetu: mwandishi anaweza kuua, anaweza kuchoma nyumba, lakini hana ruhusa ya kumwacha msomaji mdogo peke yake gizani bila mkono wa kushika. Mimi na wewe anaweza kutuacha, tumeshakua.

Kitabu cha namna hiyo juu ya vita vya Kagera nimekitafuta kwa ajili ya mpwa wangu yule, cha mtoto, kwa Kiswahili, chenye picha. Nimepata tenzi, nimepata vitabu vya wanajeshi waliostaafu. Cha mtoto sijakiona.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Misenyi, kaskazini ya mto Kagera. Mwaka ule wa 1978 alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Vita vyake vyote ni sufuria. Alikuwa amebandika ndizi na maharage, wakasikia mlio upande wa Mutukula, mume akasema twendeni, wakatoka hivyohivyo, moto unawaka. Siku wanatembea kuelekea mtoni, katikati ya ng'ombe na watu na magodoro, alichokuwa anawaza ni kama alifunika au hakufunika. Waliporudi nyumba ilikuwa haina paa, wala mlango, wala sufuria.

Niliwahi kumuuliza kama aliwaona askari wa Amin. Akasema aliona mmoja, kwa mbali, amekaa chini ya mti anavua kiatu. Kisha akarudi kwenye maharage yake. Anasema yalikuwa yamebakiza kidogo tu kuiva.